Picha ya Kaniki

Siku ya kwanza kazini niliambiwa nisiguse kitu. Nilifika saa moja kasorobo asubuhi nimevaa gauni la Idi, maana mama alisema mtu aliyeajiriwa kwenye kiwanda cha vitabu hawezi kwenda na kanga kama anayekwenda kisimani. Msimamizi wa chumba cha herufi alinitazama kuanzia kichwani hadi viatuni, akasema, "Binti, hilo gauni utalilia." Kufika saa nne lilikuwa limechafuka wino mpaka mabegani, na wallahi sikuwa nimegusa kitu. Wino wa uchapaji ndivyo ulivyo, unakufuata wenyewe.

Nawaandikia ninyi vijana mnaobonyeza kitufe na ukurasa ukatoka umepangika. Siwaonei wivu. Nataka tu mjue kazi hii ilifanywaje hapa Tabora wakati wetu, na kosa gani nililifanya, maana kazi zangu nzuri zimekwisha kusifiwa na waliozisifu wamekufa.

Kiwanda chenyewe kilikuwa nyumba ya vyumba vinne, mwendo mfupi kutoka stesheni ya reli. Mwenye mali alikuwa mfanyabiashara Mhindi wa hapa hapa mjini, kazaliwa Tabora, Kinyamwezi anakisema kuliko mimi. Sote tulimwita Tajiri, na yeye mwenyewe akipokea simu alisema, "Hapa ni Tajiri, nani mwenzangu?" Tulichapa kadi za arusi, kalenda, matangazo ya minada na vijitabu vya watu waliokuwa na jambo la kusema.

Herufi zilikuwa za madini ya risasi, kila moja kipande chake. Zilikaa kwenye kasha la mbao lenye vijumba vingi. Makasha yale yalitoka Ulaya, na wenzetu huko wanatumia sana e, kwa hiyo kijumba cha e kilikuwa kikubwa kama sahani na cha a kidogo. Kiswahili kinakula a kama mchwa. Ukurasa mmoja tu wa "alikwenda, akawakuta, wakamwambia" na a zimekwisha, mnakaa mnasubiri ukurasa huo uchapwe, herufi zioshwe kwa mafuta ya taa, ndipo muendelee. Nilijifunza subira mle chumbani kuliko madrasa.

Halafu kila herufi ilikuwa imegeuka, ukiitazama unaiona kama kwenye kioo. Ikipakwa wino na kukandamizwa karatasini ndipo inasomeka sawa. Msimamizi alinisimamisha mbele ya kasha wiki mbili nzima nikisoma kinyume. "Kichwa kikikuuma, ni dalili njema," alisema. Kilikuwa kinauma kweli, na yeye alikuwa anacheka.

Picha nazo zilikuwa hivyo hivyo. Tulichonga kwenye lino, ile plastiki nene ya kutandika sakafuni, kwa patasi ndogo ndogo za ncha kali. Unapochonga panabaki peupe, usipochonga panashika wino. Kipande kilichokwisha kuchongwa tulikiita bloku. Kwa sababu bloku nayo inageuza, mchoro ulipaswa kuchorwa kwanza kwenye karatasi nyepesi inayopitisha mwanga, kisha karatasi ipinduliwe tumbo chini juu ya lino, ndipo uupitishe mchoro kwa kalamu mpaka ushike kwenye lino. Ukisahau kupindua, wa kulia anatoka kushoto. Msimamizi aliona mkono wangu ni mwepesi, akanitoa kwenye herufi akanipa patasi. Nilifurahi mno. Nyumbani nilimchongea mama kuku, na kuku akatoka anatazama dirishani badala ya mlangoni, mama akasema hata hivyo ni kuku.

Baada ya miaka kadhaa niliazimwa kwenda Nzega, ofisi ya elimu ya watu wazima, kuchora mabango na vitabu vya kujisomea. Bosi wangu huko alikuwa Afisa, mtu mrefu asiyecheka, aliyeendesha baiskeli na faili begani. Kazi ilikuwa kugeuza maneno ya wataalamu yawe picha. Nikapewa sentensi, "Chemsha maji ya kunywa." Nikachora chungu kinafuka mvuke, mistari myembamba inayopinda juu. Tulipolibandika bango hilo kijijini, mama mmoja akasogea, akatazama sana, akauliza, "Huyu mwenye nywele ni nani?" Afisa hakunicheka. Aliniambia tu, "Wewe umechora unachokijua. Chora wanachokiona." Nikaweka moto chini ya chungu na mapovu juu ya maji, na likaeleweka. Bango hilo lilifika mpaka Ulyankulu, kwa wale wakimbizi waliotoka Burundi, na huko nako hakuna aliyeuliza habari za nywele.

Sasa hapa msikilize vizuri, maana ndipo kosa lilipoanzia. Nzega tulichapa kwa stensili. Unachora kwa kalamu ya chuma kwenye karatasi yenye nta, unaivika kwenye mashine, unazungusha mpini, na kinachotoka ndicho ulichochora. Stensili haigeuzi. Kulia ni kulia. Nilikaa huko miaka minane na mkono wangu ukasahau kupindua, bila mimi kujua kwamba umesahau.

Niliporudi Tabora nikawa mchoraji mkuu, yaani mchoraji peke yake. Msimamizi alikuwa amezeeka, amevaa miwani mizito, na Tajiri alikuwa amemwajiri Mhariri, mwalimu mstaafu mwenye haraka. Mhariri aliweka utaratibu mpya. Mchoraji asipoteze muda kusoma kitabu kizima. Yeye Mhariri atasoma, kisha ampe mchoraji kikaratasi chenye sentensi moja ya kila picha. Niliupenda utaratibu huo. Niseme kweli, niliupenda sana. Nilikuwa nachonga bloku mbili kwa siku na kwenda nyumbani saa tisa.

Ndipo akaja Mzee Mihambo kutoka Ntalikwa. Alikuwa mkulima, mwembamba, koti lake limeshonwa shonwa viwiko, na alibeba madaftari saba ndani ya mfuko wa mbolea uliofuliwa. Ndani yake alikuwa ameandika kwa mkono habari za babu yake, aliyekuwa mpagazi enzi za misafara, kutoka hapa Unyanyembe mpaka pwani na meno ya ndovu begani. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia, "Marahaba binti. Wewe ndiye mchoraji? Nimekuandikia na wewe humo." Nilidhani ananitania.

Habari yenyewe niliielewa baadaye, lakini ninyi nawapa sasa. Babu yake Mihambo alipotoka pwani alimletea kaka yake mkubwa kaniki, nguo nyeusi ya thamani siku zile. Kukatokea maneno kwamba aliitoa kwa mkono wa kushoto. Kumpa mkubwa wako kitu kwa kushoto, mbele za watu, baada ya kwenda pwani ukarudi umenawiri, ni kumwambia kwamba hana maana. Kaka alihama na watu wake, akaenda mashariki, wakakaa Tura. Tangu hapo nusu mbili za ukoo ule hazikuzikana. Akifa mtu Ntalikwa, wa Tura hawaji. Akifa wa Tura, Ntalikwa wanasikia kwa wapita njia. Mzee Mihambo alilelewa na bibi yake, mke wa mpagazi mwenyewe, na bibi alimwapia kwamba mkono ulikuwa wa kulia. Kitabu kizima aliandika kwa ajili ya ukurasa huo mmoja. Alikuwa amewaalika wa Tura waje Ntalikwa, wasikie, kisha wazikane kama watu.

Mimi nilipewa kikaratasi. Kiliandikwa: "Mpagazi amkabidhi kaka yake kaniki. Ukurasa mzima."

Nilichora vizuri. Kaka ameketi kwenye kigoda, mdogo amesimama, mkono wa kulia umenyoosha kaniki, wa kushoto umeshika fimbo, maana nilijiambia mpagazi asiye na fimbo ni mpagazi gani. Nikaiweka karatasi juu ya lino kama ilivyo, nikapitisha, nikachonga. Sikupindua. Pangekuwa na neno hata moja mle pichani, neno lingetoka limegeuka kama kwenye kioo na sote tungeshtuka. Lakini picha isiyo na herufi haikushtui. Msimamizi aliipitia prufu, ule ukurasa wa kwanza wa majaribio, akaona wino umeshika sawasawa. Mhariri akasahihisha nukta. Tukachapa, tukabana pini, tukafunga kwenye makatoni, na Mzee Mihambo akaja na mkokoteni akachukua. Hakufungua hata kimoja. Alisema atakifungua mbele yao.

Siku ya nne alirudi. Sikumsikia akibisha hodi. Nilimwona tu amesimama mbele ya meza yangu, kitabu kimefunguliwa kwenye picha ile.

"Binti," alisema, "huu ni mkono gani?"

Nilitazama. Kaniki ilikuwa mkono wa kushoto, na kulia kulikuwa na fimbo, kana kwamba anamtupia mbwa mfupa.

"Walikuja kumi na mmoja," akasema, "na treni. Kwa mara ya kwanza. Wengi wao hawasomi, wakaomba picha. Kijana wao akaipitisha mkono kwa mkono, akasema, haya, wenyewe wamekiri. Wakaondoka hata maji hawakunywa."

Mhariri alitoka chumbani kwake, akasema, "Mzee, lakini maneno yako ni sahihi, soma hapo, tumeandika kulia."

Mzee Mihambo hata hakumtazama. Alikuwa ananitazama mimi. "Na hii fimbo umeitoa wapi?"

"Nilifikiri mpagazi lazima awe na fimbo, mzee."

"Daftari la tano nimeandika aliilaza chini, ili mkono wa kushoto ushike kiwiko cha kulia, kwa heshima. Nimeandika na kukuandikia wewe pembeni: mchoraji, angalia hapa. Ulisoma?"

Nilisema, "Sikusoma, mzee."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Alikaa kwenye kiti. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Niliona aibu ambayo mpaka leo nikiikumbuka masikio yanapata moto. Tajiri alisikia kimya kile, akatoka, akaelezwa. Mhariri akaanza kusema habari za nani alipitisha prufu. Tajiri akamkata, "Acha. Kosa la nyumba ni la nyumba. Tutachapa upya." Kisha akanigeukia mimi. "Lakini kitabu kipya hakiwezi kwenda Tura chenyewe. Wewe utakwenda?"

Nilikwenda. Mzee Mihambo asingeweza. Walimtumia salamu kwamba asikanyage. Nilipanda treni na kikapu: ndani bloku ile ile, kopo la wino, rola ya kupakia wino, karatasi nyeupe, na daftari la tano. Njiani nililisoma daftari lile kwa mara ya kwanza. Lilikuwa zuri. Hilo nalo liliniuma.

Tura nilielekezwa kwa Bi Nyamizi, mkubwa wa upande wao, mjukuu wa yule kaka aliyehama. Nilimkuta barazani anapepeta karanga. Nikaanguka magoti, nikamwamkia kwa Kinyamwezi changu kibovu, "Mwangaluka." Aliitikia na kuendelea kupepeta. Nilimweleza mimi ni nani. Watu walianza kukusanyika, na yule kijana aliyesema wenyewe wamekiri alisimama mlangoni mikono kifuani.

Nikatoa bloku, nikamwonyesha. "Bibi, tazama hapa. Kaniki iko mkono gani?"

"Kulia."

Nikapaka wino, nikalaza karatasi, nikasugua kwa mgongo wa kijiko chake mwenyewe, nikaibandua. Kushoto. Watoto wakapiga kelele. Nikarudia mara ya pili, na yule kijana akaomba aibandue yeye, akaibandua, akabaki anaitazama.

Bi Nyamizi akaweka ungo chini. "Kwa hiyo wewe kazi yako ni kugeuza watu."

"Kosa ni langu, bibi. Si la Mzee Mihambo. Yeye aliandika kulia."

"Soma alichoandika."

Nikasoma daftari la tano lote, pale barazani. Nilipomaliza nikadhani nimeshinda. Loo, nilikuwa bado kijana.

"Amesimuliwa na bibi yake," alisema Bi Nyamizi. "Na mimi nina bibi yangu. Naye alikuwepo siku hiyo. Naye aliniapia. Alisema kushoto."

Kikapu changu chote kilikuwa kimekwisha.

Aliuchukua tena ungo, akapepeta kidogo. Kisha akasema, "Mihambo ana umri gani sasa?"

"Sijui, bibi. Anatembea kwa kupumzika."

"Na mimi napumzika. Mwaka jana nilimzika mwanangu, na Ntalikwa hawakuja, na mimi ndiye niliyekuwa nimewakataza." Alifuta macho kwa ncha ya kanga, bila kujificha. "Nitakuja kwake. Tutazikana. Lakini mwambie hivi. Maneno yake ni yake, ayaandike kama bibi yake alivyomwambia. Picha msitie. Wala ya kulia msitie. Neno mtu ataweza kubishana nalo, mimi nitabisha mpaka nife. Picha nitabishana nayo vipi?"

Nilirudi na ujumbe huo, na nawaambia ulikuwa mzito kuliko bloku zote nilizowahi kubeba. Bloku mpya nilikuwa nimekwisha kuichonga, imepinduliwa sawasawa, kulia ni kulia, kiwiko kimeshikwa, fimbo iko chini. Nilimpelekea Mzee Mihambo Ntalikwa prufu yake pamoja na maneno ya Bi Nyamizi. Aliishika ile prufu muda mrefu. Ndiyo picha aliyoitaka maisha yake yote.

"Umeipata," alisema. "Ndivyo ilivyokuwa."

"Ndiyo, mzee."

"Haya. Uache ukurasa wazi."

"Niweke maua tu, au pambo?"

"Wazi, binti. Nimekwambia wazi." Na alilia, mzee wa watu, nami nikalia, tukiwa tumesimama kwenye shamba la mihogo.

Kitabu kilitoka na ukurasa wa thelathini na moja mweupe. Mhariri alilalamika kwamba watu watadhani tumesahau kuchapa. Tajiri akamwambia waache wadhani. Bi Nyamizi alikuja Ntalikwa na treni, na nasikia walibishana yeye na Mihambo siku nzima, kulia, kushoto, wakila pamoja. Mzee Mihambo alipofariki, watu wa Tura walikuja wengi, na waliochimba kaburi walitoka kwao. Madaftari saba aliniachia mimi. Alisema ni kwa sababu mimi ndiye ambaye sikuyasoma.

Nilifanya kazi miaka mingi baadaye. Herufi za risasi ziliuzwa kama chuma chakavu, zikaja mashine zinazochapa kwa sahani za alumini, kisha kompyuta. Nilistaafu bila sherehe, kwa hiari yangu, sipendi hotuba. Siwezi kusema zamani tulikuwa hodari kuliko ninyi. Tulikuwa polepole, na polepole ile haikunizuia kukosea. Kilichobadilika kwangu ni kwamba sikuchora tena kutoka kwenye kikaratasi. Nilisoma kwanza, kitabu chote, hata cha bei za tumbaku, na nikawa nachelewa kwenda nyumbani.

Juzi alinijia binti mmoja wa ukoo ule, amesomea Dar es Salaam kupanga kurasa kwenye kompyuta. Wanataka kukitoa kitabu upya, wakiweke na kwenye simu. Aliniamkia vizuri, akakaa kwenye mkeka, akanionyesha kazi yake. Nzuri kabisa. Akafika ukurasa wa thelathini na moja.

"Bibi, hapa wazee mlisahau kuchapa. Nimejaza." Akageuza simu. Mpagazi, kaka yake, kaniki nyeusi inang'aa, kila kitu kama kiko hai. Mashine imemtengenezea kwa sentensi moja tu, alisema. Mkono ulikuwa wa kulia.

"Umepatia," nikamwambia. "Toa."

"Bibi! Kwa nini?"

"Madaftari umeyasoma?"

"Nimesoma muhtasari."

Niliinuka, magoti yakalia, nikaenda ndani nikatoa ule mfuko wa mbolea, nikauweka mapajani mwake. Aliangalia saa. Nikamwambia aivue saa hiyo, madaftari yako saba, na aanze kunisomea la kwanza kwa sauti, maana macho yangu siku hizi hayaoni mwandiko.